Nikuazime diski, au nikuazime waya?

Kuna swali ambalo wenzangu wa tarakilishi hawachoki kuniuliza. Nina rafu ya DVD halali, nimezinunua kwa pesa zangu. Kuna ubaya gani nikimwazima mwenzangu moja? Na kama hakuna ubaya, mbona nisimwazime kupitia mtandao, diski ikabaki kwangu kwenye deki na yeye akaitazama kwake? Kwa mtu wa programu hayo mawili ni kitu kimoja. Sheria haioni hivyo kabisa, na kujua kwa nini itabidi twende Marekani kidogo, maana kesi zilizoamua mambo haya nyingi ni za huko.

(Sizungumzii zile diski za mitaani za filamu ishirini ndani ya moja. Hizo kesi yake ni nyingine.)

Hebu tuanze na kitabu. Kampuni ya Bobbs-Merrill ilitoa riwaya iitwayo The Castaway na kuchapa ndani yake onyo kwamba hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1908 ikaamua kwamba ukishauza nakala, umeshaiuza. Hakimiliki inakupa nguvu ya kuwazuia wengine wasichapishe kitabu chako, lakini haikupi nguvu ya kuifuata kila nakala hadi rafuni kwa mnunuzi. Bunge likaitia kanuni hiyo katika sheria ya 1909, na leo iko katika kifungu cha 109 cha sheria ya 1976. Mwenye nakala halali anaweza kuiuza, kuitoa zawadi au kuiazima bila kumpigia mtu magoti.

Mwaka 1977 filamu 50 za Twentieth Century Fox zilipoanza kuuzwa kwa kanda za video, bwana mmoja wa Los Angeles, George Atkinson, alizinunua akaanza kuzikodisha kwa dola 10 kwa siku. Studio hazikufurahi hata kidogo, lakini zingemshtaki kwa lipi? Kanda alizinunua. Biashara nzima ya maktaba za video ilijengwa juu ya ile riwaya ya senti 89. Hata Netflix, iliyoanza kutuma DVD kwa posta mwaka 1998 na kuacha Septemba 2023, ilikuwa na haki ya kununua diski dukani kama wewe na mimi na kuzikodisha.

Studio zilikwenda bungeni kutaka sheria ibadilishwe, zikatoka mikono mitupu. Wenye muziki walifaulu mwaka 1984, na wenye programu za tarakilishi mwaka 1990. Ndiyo sababu hadi leo duka la Marekani linaweza kukukodisha DVD ya filamu bila kuomba ruhusa, lakini CD ya nyimbo haliwezi! Kumwazima rafiki bila faida hakukuguswa.

Lililoshindikana bungeni likajaribiwa ndani ya mashine. Mwaka 1998 kampuni ya Circuit City ilileta DIVX, diski ya takriban dola nne na nusu ambayo ungeitazama kwa saa 48 tangu uianzishe, kisha deki yako ingepiga simu makao makuu na wewe kulipa tena ukitaka kuendelea. Ukimwazima jirani diski hiyo, deki yake ingemdai pesa zake mwenyewe. Kwa maneno mengine, kuazima kulikuwa halali lakini hakukuwa na maana. Wanunuzi wakaikataa, na Juni 1999 ikafa. Hakuna aliyeililia.

Kanda za dunia zilidumu zaidi. DVD ya Marekani ni ya kanda ya 1, ya Uingereza ni ya 2, na sisi wa Kenya tuliwekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Kwa hiyo shangazi aliye London akikuachia diski zake halali, hakuna hakimu wa kukuzuia, deki ndiyo inayokataa.

Sasa turudi kwenye waya, kwa sababu hapa ndipo penye uhondo. Huko Erie, Pennsylvania, duka la Maxwell's lilikuwa na vyumba vidogo vya watu wawili hadi wanne. Unachagua filamu, mfanyakazi anaitia kanda kwenye deki iliyo mbele ya duka, na picha inakufikia chumbani kwa waya. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikasema hilo si kukodisha, ni kuonyesha hadharani kama ukumbi wa sinema, maana yeyote apitaye njiani anaweza kulipa akaingia. Mwaka 1989 ikaja kesi ya hoteli moja ya Palm Springs iliyokuwa ikikodisha diski kwa wageni, nao wakazitia wenyewe kwenye mashine zilizokuwa vyumbani mwao. Hapo mahakama nyingine ya rufaa ikasema si hadharani. Miaka miwili baadaye ikaletwa mitambo ya On Command, ambapo deki za hoteli ziko chumba kimoja na mgeni anaendesha kwa rimoti akiwa kitandani. Hadharani! Mgeni ni yuleyule na kitanda ni kilekile. Kilichohama ni deki tu.

Zediva walidhani wamepata upenyo. Machi 2011 walifungua huduma yenye mamia ya deki za DVD huko California. Ukilipa dola 2, deki moja na diski moja ni vyako, na mwingine akitaka filamu hiyohiyo anasubiri umalize. Hoja yao ilikuwa kwamba wanakodisha diski na deki, ila waya ndio umekuwa mrefu. Mimi kama mtu wa programu naipenda hoja hiyo, hata leo. Jaji hakuipenda. Agosti mwaka huohuo aliamuru wasimame, na Oktoba wakakubali kulipa dola milioni 1.8 na kufunga.

Na kwetu je? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 26, inampa mwenye kazi mamlaka juu ya kuisambaza kwa umma kwa kuuza, kukodisha, kuazima au kuingiza nchini. Ndiyo, kuazima kumetajwa kwa jina, kama ilivyo Marekani. Mzigo wote umebebwa na maneno "kwa umma". Mimi si wakili, lakini kwa usomaji wangu binamu yako si umma. Kikundi cha wakusanyaji kumi wanaojuana, nadhani bado wamo salama. Kikundi ambacho yeyote anajiunga kwa kubonyeza kiungo, hapo nisingethubutu kukuahidi kitu, kwa sababu kinafanana mno na lile duka la Erie.

Kikundi kimoja cha wakusanyaji kiliniomba nikiandikie programu ya kuazimana. Niliwaandikia daftari tu: nani ana diski gani, ilitoka lini, itarudi lini. Sehemu ya kutazama kupitia mtandao waliitaka sana, na sikuiweka. Diski zao huzunguka kwa bodaboda.