Maji ya Thales, maji ya Kinjikitile

Nikisimama Kivukoni, Ifakara, kando ya mto Kilombero, huwa namkumbuka Thales wa Miletus. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo alifundisha kwamba asili ya vitu vyote ni maji, wazo lililokwisha kuwamo katika ngano za Wagiriki. Jipya ni kwamba mwanafunzi wake, Anaximander, alilipinga kwa hoja.

Mwaka 1905 maji ya Kinjikitile Ngwale yaliwaunganisha Wapogoro na Wambunga dhidi ya Wajerumani, na umoja huo ulikuwa wa kweli. Lakini swali la iwapo maji huzuia risasi lilijibiwa na bombomu, pale Mahenge, 30 Agosti.

Ndugu msomaji, imani hutukusanya, nasi twaihitaji. Tumruhusu basi mwanafunzi, na mtumishi wa ngazi ya chini, ahoji mapema, kabla jibu halijaletwa na damu.