Safu ya Lugha: Bingwa wa nini?

"Nimeambiwa nikamwone bingwa." Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mgonjwa anapopotea. Bingwa ni mtu aliyebobea katika jambo fulani, iwe ngumi, bao au tiba, kwa hiyo neno hili hudai "wa". Mwenye uvimbe shingoni hukimbilia bingwa wa masikio, pua na koo. Huyo, au bingwa wa upasuaji, anafaa sana uvimbe huo unapobana njia ya hewa au panapokuwa na shaka ya saratani. Lakini moyo kwenda mbio na kukonda bila sababu, au kunenepa, kuhisi baridi na uchovu usiokwisha, huenda ni mambo ya homoni za tezi ya shingoni. Hapo nenda kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, akupime damu kipimo cha homoni kiitwacho TSH, na ikibidi akupe rufaa kwa bingwa wa homoni.

Homoni yenyewe ni neno la mwaka 1905, la Mwingereza Ernest Starling, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Na tuache kusema "fulani ana tezi". Sote tunazo! Tezi ya shingoni, thairoidi, ikivimba, uvimbe huo ndio rovu, ambao wengi sasa huuita goita. Tena tezi hiyo yaweza kuugua bila shingo kuvimba. Tezi dume ni nyingine kabisa: iko chini ya kibofu cha mkojo, nayo ina bingwa wake, wa mfumo wa mkojo.