Kanda ya Kwanza ya Twanga Pepeta

Mwulize mpenzi wa dansi wa Dar es Salaam albamu ya kwanza ya Sikinde ni ipi. Atababaika, na hana kosa. Mlimani Park Orchestra, ndiyo Sikinde yenyewe, ilianza mwaka 1978 kwenye baa iliyoipa jina, barabara ya kwenda Chuo Kikuu, ikiwa na akina Muhiddin Maalim Gurumo, Abel Balthazar na Michael Enoch. Ilitamba miaka mingi bila albamu. Studio ya kutegemewa ilikuwa ile ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Kiwanda cha santuri nchini hakikuwepo, hivyo waliotaka sahani walitazama Nairobi. Wimbo ukirekodiwa, redio iliupiga bure kama tangazo, kisha mashabiki wakafuata ukumbini na kulipa kiingilio. Mlangoni ndiko mshahara ulikopatikana. Albamu za Sikinde wanazozijua Wazungu, "Sikinde" na "Sungi", zilitoka ng'ambo miaka ya 1990, zikiwa na nyimbo ambazo wakazi wa Magomeni na Temeke walikwisha kuzicheza hadi viatu vikalika.

Kwa hiyo African Stars ya Kinondoni, ndiyo Twanga Pepeta, ilipotoa kanda yake ya kwanza, "Kisa cha Mpemba", mwaka 1999, haikuwa tu bendi changa inayobisha hodi. Kinondoni ilikuwa na dansi yake tangu enzi za Vijana Jazz na Hemed Maneti. Jipya lilikuwa biashara. Radio One ilikuwa hewani tangu 1994, redio ya serikali haikuwa tena peke yake, na kaseti ziliuzwa Kariakoo kama vitenge. Asha Baraka, mkurugenzi wa bendi, alilielewa hilo mapema kuliko wanaume wengi waliomtangulia katika kazi hiyo. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ingawa wanaodurufu kanda hawakuonekana kushtuka.

Wazee wa bendi kongwe ya Msondo walinung'unika: rapa wengi, wanenguaji wengi, sebene la Kikongo. Kuna ukweli humo. Mashairi marefu ya kina Gurumo hayakupata mrithi katika ukumbi wa Twanga, Mango Garden. Lakini sauti ya mwimbaji wa Twanga, Luizer Mbutu, haikuhitaji kutetewa na mnenguaji yeyote.

Baada ya hapo albamu zikawa kama msimu wa mavuno: "Jirani" mwaka 2000, "Fainali Uzeeni" 2001. Kila kanda ilipandisha bei ya waimbaji. Banza Stone alichukuliwa na bendi ya TOT, Ally Choki baadaye akaunda Extra Bongo yake. Kuibiana wanamuziki ni desturi ya zamani mjini, Sikinde yenyewe iliporwa na Orchestra Safari Sound mwaka 1985. Tofauti ni kwamba sasa mwimbaji aliondoka na jina lililoandikwa kwenye jalada. Kaseti ilipokufa, bendi zikabaki na kilekile walichokuwa nacho Msondo na Sikinde pale ukumbi wa TCC Chang'ombe: kiingilio cha mlangoni.