Mshahara, Skuli na Wageni: Maswali ya Kale Yaliyofika Chukwani

Chukwani, kusini ya Mji Mkongwe, yapo majengo mawili yanayogusa chumo la kila kijana wa Zanzibar. Moja ni la Baraza la Wawakilishi, panapojadiliwa bajeti na ajira. La pili ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1998 ili kufundisha walimu, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Elimu inaongeza mshahara kwa kiasi gani? Na mgeni akija kutafuta kazi, mwenyeji hupungukiwa? Watafiti wamehangaika na maswali haya kwa miongo mingi, na baadhi ya majibu yao makubwa yametoka hapa hapa Afrika Mashariki.

Unguja na Pemba swali lilianza na karafuu. Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa uhalali wa utumwa, wenye mashamba waliingiwa na hofu: nani atapalilia, nani atachuma, na kwa ujira gani? Mchumaji akawa analipwa kwa pishi. Kwa palizi wakaja watu wa Bara, Wanyamwezi wakiwemo. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibarua, lakini ilikuwa ikiuliza kwa niaba ya mwajiri: watapatikana wangapi, tena kwa bei rahisi? Agosti 1948 makuli wa bandarini, wengi wao watu wa Bara, waligoma kwa ugumu wa maisha, na mgomo ukaenea mjini. Kipindi hicho hicho Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town alianza uchunguzi wake wa kijamii visiwani. Hali ya kaya yenyewe ikaanza kupimwa.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Nairobi. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za kazi, lakini wasio na kazi hawakwisha. John Harris na Michael Todaro, waliowahi kufanya kazi Nairobi, walieleza sababu katika makala yao ya mwaka 1970. Mtu wa kijijini hupima mshahara wa mjini pamoja na bahati ya kuupata. Nafasi zikiongezeka mjini, wanaozifuata huongezeka pia, na huenda wakazidi nafasi zenyewe.

Mwaka 1980 ukafanyika utafiti ambao kila mwalimu anastahili kuujua. John Knight na Richard Sabot waliwalinganisha wafanyakazi wa Nairobi na wa Dar es Salaam. Nchi hizi mbili zilikuwa zikifanana kwa mengi, ila Kenya ilipanua sana elimu ya sekondari, zikiwemo skuli za harambee, ilhali Tanzania iliibana kulingana na mahitaji ya watumishi yaliyokadiriwa na serikali. Watafiti hawakuridhika na kuuliza miaka ya masomo. Waliwapa wafanyakazi mtihani wa kusoma na kuhesabu, na mwingine wa kupima wepesi wa akili, kisha wakalinganisha alama na mishahara.

Matokeo yalikuwa wazi: kilicholeta tofauti kubwa ya kipato ni ujuzi wa kusoma na kuhesabu. Wepesi wa akili peke yake haukulipa sana, na hata miaka ya darasani ilikuwa na uzito mdogo ikiwa haikuzaa ujuzi huo. Tena, wasomi walipoongezeka Kenya, pengo la mishahara baina ya waliosoma na wasiosoma lilipungua.

Na swali la wageni? Mwaka huo huo wa 1980, Wacuba wapatao 125,000 waliondoka bandari ya Mariel kwenda Marekani, wengi wakabaki Miami. David Card, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alichunguza mishahara ya wenyeji wa mji huo na hakuona kuwa imeshuka kwa sababu ya wageni. Wengine, akiwemo George Borjas, wamempinga, na ubishi haujesha. Utafiti wa Card ulichapishwa mwaka 1990, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Knight na Sabot kuhusu utafiti wao.

Zanzibar ilitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, na hilo lilifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa watoto wa wakwezi na wavuvi. Leo manung'uniko yanasikika kwamba kazi za hoteli za Nungwi na Paje zinachukuliwa na watu wa Bara na Wakenya. Manung'uniko hayo yasidharauliwe, lakini yasigeuzwe hukumu kabla ya kupimwa. Tunahitaji kujua mfanyakazi wa hoteli ametoka wapi, analipwa nini, na anaweza kusoma, kuhesabu na kuzungumza na mgeni kwa kiwango gani.

Kama kinachomtenga kijana wetu na kazi ni ujuzi, kumzuia mwenzake wa Bara hakutampa ujuzi huo. Mwalimu mzuri ndiye atakayempa. Wawakilishi na chuo ni majirani. Utafiti wa kupima hayo uanzie Chukwani, na fedha zake zipitishwe Chukwani.