Mapatano ya Mwaka 2016

Tuseme ziko programu 10 za kuandikia na lugha 10 za kompyuta. Zamani, ili kila programu iweze kumwonyesha mwandishi makosa yake katika kila lugha, vilihitajiwa viungo 100. Watumiaji wa Emacs, iliyoanza mwaka 1976, na wa Vim, iliyotoka mwaka 1991, waliubeba mzigo huo. Na lugha yenye watu wachache ilikosa msaada.

Mwezi wa Juni 2016, Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza mapatano: ujuzi wa kila lugha ukae katika seva yake, yaani programu ihudumiayo nyingine, na mazungumzo yawe ya namna moja. Viungo 100 vikawa 20.

Mazungumzo hayo yana adabu. Programu ya kuandikia hubisha hodi, ikataja iwezayo. Seva hujibu kwa orodha: kumalizia maneno, kueleza maana, kuonyesha jina lilipoanzia, kulibadilisha kila mahali. Lisilotajwa haliombwi.

Basi ukitaka kuijua seva, usitegemee sifa za wauzaji. Fungua kumbukumbu ya mazungumzo, usome jibu lake la kwanza. Humo imejieleza yenyewe.