Jina la Ukoo na Jina la Uzazi: Mfano wa Kasese na Bwera

Miongoni mwa vilele vya Ruwenzori, milima inayoitazama miji ya Kasese na Bwera, kimo chenye urefu wa mita 4,798 kinaitwa Emin. Luigi Amedeo wa Abruzzi, msafiri wa Kiitalia, ndiye aliyekipa jina hilo mwaka 1906 kwa kumkumbuka Emin Pasha. Huyu alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Oppeln mwaka 1840, na jina lake la asili lilikuwa Eduard Schnitzer. Mwaka 1889 alipita chini ya milima hiyo pamoja na Stanley, wakielekea Bagamoyo.

Schnitzer maana yake ni mchongaji. Majina mengi ya koo za Wajerumani yametokana na kazi: Müller, lililoenea kuliko yote, ni msagaji nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshonaji. Hapo mwanzo jina lilitaja kazi ya mtu. Baadaye likarithiwa, hata mtu asiyepata kuligusa jiwe la kusagia akaitwa Müller kwa sababu ya babu yake. Serikali nazo zilihimiza jambo hilo. Mwaka 1812 Prussia iliwaamuru Wayahudi wake wawe na majina ya ukoo yasiyobadilika. Schnitzer mwenyewe aliliacha lake katika utumishi wa Waturuki, akajiita Emin, yaani mwaminifu. Neno lenye shina moja na amini, amana na imani.

Kwa Bakonzo wa Kasese mambo ni tofauti. Jina lao mashuhuri halitaji kazi wala babu, bali nafasi ya mtoto katika uzao. Mwana wa kwanza huitwa Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Ndiyo sababu ya majina haya kuenea mno: karibu kila nyumba yenye wana wawili ina Bwambale wake.

Ukivuka mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, utayakuta majina hayo kwa Banande wa Kongo, walio ndugu wa Bakonzo. Huko Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, Thembo ni Katembo. Mwalimu wa lugha ataona mara moja kwamba tofauti kubwa iko katika kiambishi cha mwanzo, shina limebaki. Mkataba wa mwaka 1910 baina ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani uliigawa milima, lakini haukuwagawa watu katika kuhesabu watoto wao.

Shida huanza penye fomu. Fomu hudai jina la ukoo, na Mkonzo hujaza jina la uzazi. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, wanafunzi wawili wasio na udugu huandikwa Bwambale wakadhaniwa ndugu, hali Baluku na Masereka waliotoka tumbo moja wakadhaniwa wageni. Pili, baba aitwaye Baluku huwarithisha watoto wake wote jina lake, ili karatasi zikubaliane. Hapo mtoto wa tatu hubeba jina la wa kwanza, na hesabu ikaharibika. Ndivyo Müller alivyopotewa na jiwe lake.

Yafaa, basi, sisi walimu tuchukue hatua tatu. Tuandike majina yote ya mwanafunzi, tusimkatie hata moja. Tusimbadilishie Kakule kuwa Kule kwa kuwa amevuka mto. Tena, tunapofundisha ngeli na viambishi, tuyatumie majina haya kama mifano, kwani mtoto atakayejua kwa nini anaitwa Thembo hatakuwa mwepesi wa kuliacha jina hilo kwa ajili ya fomu.