Kuogelea Masafa Marefu: Habari za Alfréd Hajós wa Hungaria

Wasikilizaji wangu, leo nataka kuwasimulia habari za mashindano ya kuogelea masafa marefu, na khasa habari za kijana aliyeyashinda mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya zama zetu. Siku hizi tukisikia kwamba wanaume wameshindana mita 1,500 kwa mtindo huru, yaani kila mtu akiogelea apendavyo, tunauliza habari ya saa tu: nani amepunguza sekunde ngapi? Hapo mwanzo mambo hayakuwa hivyo. Adui wa kwanza wa mwogeleaji alikuwa maji yenyewe.

Kijana huyo alizaliwa mwaka 1878 katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arnold Guttmann, lakini katika michezo alijulikana kwa jina la Alfréd Hajós, na Hajós katika lugha ya kwao maana yake ni baharia. Mji wa Budapest umekatwa kati na mto mkubwa uitwao Danube. Hajós alipokuwa na umri wa miaka 13 baba yake alikufa maji katika mto huo. Wengi wetu, msiba wa namna hiyo ukitupata, huwakataza watoto wasikaribie maji tena. Yeye aliazimu kinyume chake, awe mwogeleaji hodari.

Hata mwaka 1896 Michezo ya Olimpiki ikafufuliwa katika mji wa Athene, Uyunani. Hapakuwa na birika la kuogelea. Washindani walipelekwa pwani, katika ghuba ya Zea karibu na bandari ya Piraeus, tarehe 11 Aprili. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mawimbi yakiinuka, na joto la maji lilikuwa kama digrii 13 tu. Mtu wa Mombasa au Unguja afahamu kwamba hilo ni kama nusu ya joto la bahari yake. Kwanza Hajós alishindana mita 100, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 22, lakini baridi ilimwingia mwilini kabisa. Basi kabla ya mashindano marefu, ya mita 1,200, alijipaka mafuta mazito mwili mzima, unene wake kama nusu ya inchi, ili yamkinge.

Kisha mashua zikawachukua washindani mpaka mbali baharini, wakajitupa majini, wakaanza kurudi ufukoni. Angalieni tofauti iliyopo hapo. Mkimbiaji akichoka hukaa chini kando ya njia, wala hapana la kumdhuru. Mwogeleaji aliyeachwa mita 1,200 kutoka nchi kavu hana pa kukaa. Mafuta hayakumsaidia Hajós sana. Mwili ulikufa ganzi, akaogopa asije akashikwa na mkakamao wa misuli akazama. Baadaye alieleza wazi kwamba hamu ya kuishi ilishinda kabisa hamu yake ya kupata ushindi. Nami naona maneno hayo yana heshima kuliko majivuno mengi tunayoyasikia kwa washindi. Alifika ufukoni kwa dakika 18 na sekunde 22. Wa pili, Ioannis Andreou wa Uyunani, alifika baada ya dakika 21 na sekunde 3.

Husimuliwa kwamba katika karamu ya washindi mrithi wa ufalme wa Uyunani alimwuliza Hajós alijifunza wapi kuogelea vizuri namna ile. Akajibu, "Majini, bwana mkubwa." Kijana wa miaka 18!

Mashindano hayo hayakukaa sana baharini. Mwaka 1900, mjini Paris, watu waliogelea katika mto Seine, na mkondo ukawasukuma. Mwaka 1904, mjini St. Louis, katika ziwa. Mwaka 1908 Waingereza walichimba birika lenye urefu wa mita 100 ndani ya uwanja wa michezo wa London, na masafa yakawekwa kuwa mita 1,500. Masafa hayo hayakubadilika tena. Maji yalipotulia, ndipo saa ilipopata kazi. Mwaka 2024 Mmarekani Bobby Finke aliogelea mita hizo 1,500, katika birika huko Paris, kwa dakika 14 na sekunde 30 na kidogo. Amepita masafa ya Hajós kwa mita 300, na muda wake umepungua kwa karibu dakika 4.

Hajós mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale waliowaondoa waogeleaji katika mawimbi. Alisomea kazi ya kuchora ramani za majengo. Mwaka 1924 Michezo ya Olimpiki ilikuwa na mashindano ya sanaa pia, naye pamoja na mwenziwe Dezső Lauber wakapata nishani ya fedha kwa ramani ya uwanja wa michezo. Ya dhahabu hakupewa mtu. Mwaka 1930 likamalizika birika kubwa alilolichora yeye, lenye paa juu yake, na hata leo laitwa kwa jina lake. Limejengwa Budapest katika kisiwa cha Margit, na kisiwa hicho kimo katikati ya mto Danube.